Pete Inaona Nini? Mwanga na Mpangilio katika Picha za Vitu Vidogo

Kwa mafundi wa fedha wa Lamu kuna pete ambayo haikosekani: kigae cha sahani kuukuu ya kaure, chenye ua la buluu au kipande cha ua, kimekatwa, kikasuguliwa kingo, kikazungushiwa fedha. Mkononi inapendeza. Ipige picha kwa simu umtumie mteja aliyeko Mombasa au Muscat, na aghalabu utapata haya: fedha imetoka nyeusi, doa jeupe limefunika ua, upande mmoja wa pete umeingia ukungu, na mkeka ulioiwekea chini unaonekana vizuri kuliko pete yenyewe. Fundi akitazama simu anauliza, "Mwanangu, fedha yangu safi, mbona umeipaka masizi?"

Lawama huangukia simu. Mpe mtu huyo huyo kamera ya laki mbili, aache kila kitu kingine kilivyo, na masizi yatakuwapo pale pale, ila sasa yataonekana kinaganaga.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kanuni za mwanga hazibadiliki unapokaribia kitu, bali vipimo ndivyo vinavyobanwa. Ukimpiga picha mtu aliyesimama ufukweni Shela, hatua moja mbele au nyuma haileti tofauti kubwa. Kwa pete kuna umbali wa namna tatu, na wote hupimwa kwa sentimita: kutoka lenzi hadi pete, kutoka mwanga hadi pete, na kutoka pete hadi kilicho nyuma yake. Badilisha mmojawapo kwa upana wa kidole na picha inakuwa nyingine. Karibu kila lalamiko la picha za vitu vidogo linarudi kwenye mojawapo ya hizo namna tatu, na tatizo la watu wengi ni kwamba huhangaika na ule wa kwanza peke yake.

Milimita moja ya ukali

Basi tuumalize huo wa kwanza. Lenzi huona kwa ukali kamili, yaani bila ukungu, bapa moja tu mbele yake, kama karatasi iliyosimama kuitazama. Mbele na nyuma ya bapa hilo ukali hupungua polepole, na ile sehemu ambayo jicho bado linaikubali ndiyo kina cha ukali. Katika picha ya mtu kina hicho chaweza kufika mita nzima. Lakini chukua kamera yenye kihisi (kile kibao cha ndani kinachopokea picha) kikubwa, cha milimita 36 kwa 24, ukaribie hadi kitu kichoreke kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, tundu la lenzi likiwa f/8: kina cha ukali ni takriban milimita 1. Ukirudi nyuma hadi kitu kichoreke nusu ya ukubwa wake, unapata karibu milimita 3. Pete ina zaidi ya sentimita mbili kutoka juu ya kigae hadi chini ya duara lake. Haiwezekani yote iwe wazi kwa pigo moja.

Wengi hukimbilia kubana tundu la lenzi, f/16 au f/22, maana namba ikipanda tundu hupungua. Inasaidia kidogo, kisha inaharibu, kwa sababu mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika kingoni na kila nukta hugeuka kuwa doa. Isitoshe, ukiwa karibu kiasi hicho, namba ya tundu haimaanishi tena ilichomaanisha kwa mbali: kwenye ukubwa halisi, f/8 hufanya kazi ya f/16, na mwanga unaofika kwenye kihisi ni robo tu ya ule uliotarajia. Aliyeweka f/16 anapiga kwa f/32 bila kujua, halafu anashangaa kwa nini hata sehemu aliyoilenga haina makali. Kwa maoni yangu f/8 au f/11 inatosha. Baada ya hapo ni kuchagua.

Na huko kuchagua ndiko mpangilio wa picha unakoanzia, mapema kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa na milimita tatu za ukali, swali la kwanza ni uzipitishe wapi. Sarafu iliyolala mezani hupigwa kwa kamera kutazama chini wima, bapa la ukali lilale juu ya sarafu yote. Ukiinamisha kamera kidogo tu, kichwa cha twiga wa shilingi moja kinakuwa wazi na miguu inapotea. Pete yenye kigae huwekwa hivi kwamba uso wa kigae unaelekea lenzi sawasawa, ukali ukae hapo, na duara la fedha liachwe lififie kwa nyuma. Kikombe cha kahawa tungu, kile kidogo kisicho na mkono, mimi hulenga mdomo wake wa mbele. Kitu kilicho karibu na mtazamaji kikiwa na ukungu, jicho hujikwaa nacho kabla halijafika ndani.

Ipo njia ya kuupata ukali wote: unapiga picha nyingi, kila moja ikilenga kidogo mbele ya iliyotangulia, kisha programu kama Helicon Focus inazishona kuwa moja. Pete ya sentimita mbili hutaka picha kama kumi. Ni njia nzuri kwa katalogi. Kwa picha ya kuvutia naiona inaua kitu, kwani macho yetu wenyewe hayaoni pete namna hiyo.

Simu ina nafuu yake, maana kihisi chake ni kidogo na hivyo kina cha ukali ni kirefu zaidi. Kasoro iko kwingine. Tangu 2021 hivi, simu nyingi za bei ya juu hubadilisha lenzi zenyewe unapokaribia kitu, zikatumia ile ya upana mkubwa inayoweza kulenga kutoka sentimita 2. Watu hufurahi. Lakini kwa sentimita 2 simu yenyewe imeziba mwanga, na kwa kuwa kigae kiko karibu na lenzi kuliko duara la pete, kigae huvimba na duara husinyaa hadi fundi asiitambue kazi yake. Rudi nyuma mpaka simu ilenge bila taabu, vuta mara mbili, na ukate kingo baadaye. Utapoteza pikseli kidogo, lakini pete itarudi kuwa pete.

Ukubwa wa mwanga na umbali wake

Mwanga mkali na mwanga laini havitofautishwi na nguvu. Tofauti yao ni ukubwa wa chanzo cha mwanga ukikitazama kutoka pale kitu kilipo. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4 hivi, lakini liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, kwa hiyo angani kwetu linachukua nusu digrii tu. Chanzo chembamba kiasi hicho hutoa vivuli vyenye kingo za wembe. Karatasi ya A4 iliyoangazwa na kusimamishwa sentimita 20 kutoka kwenye pete ni pana, machoni pa pete, kwa zaidi ya mara mia kuliko jua. Haina nguvu hata chembe mbele ya jua, ila mwanga wake huifikia pete kutoka pande nyingi kwa pamoja, na vivuli hulainika.

Hii ndiyo habari njema ya vitu vidogo. Anayempiga picha bibi harusi anahitaji kitambaa cha mita mbili ili apate mwanga laini. Wewe unahitaji karatasi ya daftari.

Umbali una kazi nyingine tena, ambayo watu huichanganya na hiyo ya ukubwa. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mara mbili mbali, unabaki na robo. Weka kikombe chenye upana wa sentimita 5, na taa ndogo sentimita 10 kutoka ukingo wake wa karibu. Ukingo wa mbali uko sentimita 15, na unapata chini ya nusu ya mwanga wa ule wa karibu. Sasa peleka taa hiyo hiyo mita moja: ukingo wa mbali unapata kama asilimia 91. Kikombe ni kile kile na taa ni ile ile, lakini picha ya kwanza ina upande unaong'aa na upande uliozama gizani, na ya pili imesawazika. Ukitaka mviringo wa kikombe uonekane, sogeza mwanga karibu. Ukitaka maandishi yaliyoizunguka sahani yasomeke yote, uondoe mbali. Ni jambo la kukata shauri kwa kila kitu unachopiga, na hakuna simu itakayokukatia.

Ndiyo maana nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, ni mahali pazuri mno pa kazi hii. Katikati kuna kiwanda, uwazi usio na paa. Misana, vile vyumba virefu vyembamba, imepangwa sambamba na kiwanda, mmoja nyuma ya mwingine. Upana wao uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo haufiki mita tatu. Mwanga huingia kutoka upande mmoja tu, ukiwa umeshagonga kuta za chokaa za kiwanda, na kila unapopanda kuelekea ndani, kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, unapungua. Weka meza ndogo msana wa kwanza na una chanzo kikubwa, laini, chenye upande unaojulikana, na ukuta mweupe nyuma yako unaorudisha kiasi upande wa kivuli. Asiye na nyumba ya mawe ana daka, ule ukumbi wa mlangoni, au dirisha lenye shuka nyeupe. Vichochoroni mwanga hushuka kutoka ukanda mwembamba wa anga juu kabisa, na kitu kidogo hubaki na kivuli chini ya tumbo; ni mwanga mzuri kwa nyuso za watu wanaopita, kwa pete si mzuri. Saa sita mchana uwanjani Mkunguni usijaribu. Lamu iko digrii 2 na kitu tu kusini mwa Ikweta, jua linasimama utosini, na ukiinamia sarafu unakuwa umeifunika kwa kivuli chako mwenyewe.

Jambo la rangi linasemwa kwa mafupi: zima balbu. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvin, namba ndogo ikiwa manjano na kubwa ikiwa buluu: mwanga wa mchana una Kelvin 5,500 hivi, kivuli kinachopata mwanga wa anga la buluu hupita 7,000, na balbu ya manjano iko karibu na 2,800. Kamera inaweza kusahihisha mmoja wao. Ikikutana na miwili, upande mmoja wa pete utakuwa wa buluu na mwingine wa chungwa, na hakuna kitufe cha kukuokoa.

Yale masizi ya fedha

Sasa turudi kwa fundi na swali lake, maana hapa ndipo penye kazi.

Abu Ali ibn al-Haytham, mwanazuoni wa mwanga aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufariki Cairo karibu mwaka 1040, alieleza kwamba kila nukta ya kitu kilichoangazwa hutoa mwanga kuelekea pande zote, na kwamba tunaona kwa sababu mwanga huo hutufikia machoni. Alishughulika pia na vioo, vilivyonyooka na vilivyopinda. Swali moja katika hayo bado linaitwa kwa jina lake la Kilatini, tatizo la Alhazen: ukiwa na kioo cha mviringo, taa mahali fulani na jicho mahali pengine, ni nukta gani ya kioo itakayouleta mwanga wa taa kwenye jicho? Alilitatua kwa jiometria ngumu. Mpiga picha wa pete hana haja ya hesabu hiyo, ila anahitaji tokeo lake moja: kwa uso uliobinuka nje, taa iliyo upande wako wa kioo lazima iwe na nukta yake mahali fulani juu ya uso huo. Huwezi kuikwepa kwa kuizungusha pete. Ukiihamisha kutoka hapa, inatokea pale.

Kitambaa, mbao na karatasi hutawanya mwanga ovyo, kwa hiyo unaona rangi yao wenyewe. Fedha iliyosuguliwa ina rangi kidogo sana ya kuonyesha. Inaonyesha chumba. Ikitoka nyeusi, maana yake ni kwamba imetazama dari lenye giza, simu nyeusi na shati la bluu la mpigaji. Kuongeza mwanga wa taa hakusaidii. Utapata pete nyeusi ile ile ikiwa na nukta moja ya kuunguza macho. Kwa hiyo acha kuuliza mwanga unaangukia wapi. Weka jicho lako pale pete ilipo, uuzungushe uso, uhesabu kila unachokiona. Hicho ndicho kitakachokuwa kwenye picha.

Ukishaelewa hivyo, dawa inajionyesha. Mpe pete kitu cheupe cha kutazama: karatasi kulia, karatasi kushoto, na ya tatu juu yenye tundu la kupitisha lenzi. Kuvaa kanzu nyeupe siku ya kazi hii si mapambo. Wengine huviringisha karatasi iwe na umbo la pia, pete ikae chini na lenzi ichungulie kwa juu. Wazo hilo lina ukoo mzuri: mwaka 1930 mpiga picha Mmarekani Edward Weston aliweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati, kuta zake zikaizungushia mwanga, na picha ile ya pilipili inatazamwa hadi leo.

Ila weupe mtupu nao hukosea. Pete iliyozungukwa na karatasi kila upande hupoteza mwili, ikaonekana imekatwa kutoka kwenye plastiki. Fedha hutambulika kwa weupe uliopakana na weusi. Basi chukua ukanda mwembamba wa kitambaa cheusi, kipande cha buibui kuukuu kinafaa sana, ukiweke pembeni nje ya fremu, na usogeze huku unatazama pete badala ya kitambaa. Ghafla mstari mweusi mwembamba utatembea kwenye duara la fedha na umbo litasimama. Unene wa mstari ni suala la ladha. Mimi naupenda uwe mwembamba, upande mmoja tu.

Usimruhusu fundi aisugue pete mpaka mitaroni, hata akikuona mvivu. Weusi ulio ndani ya nakshi ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani, na ndio unaofanya nakshi isomeke. Vumbi ni habari nyingine. Unyuzi wa kitambaa usioonekana kwa macho hugeuka kamba katika picha, kwa hiyo puliza kwa kipulizio cha mpira, usipulize kwa mdomo, kwani mate yanaruka.

Doa jeupe juu ya kigae ni jambo jepesi zaidi. Kaure ina rangi yake chini na ngozi ya kioo juu, na kwa kuwa kigae karibu kimenyooka, mwanga hutoka kwa pembe ile ile ulioingilia. Sogeza mwanga au inamisha pete kidogo na doa litateleza nje. Filta ya polaraiza huufifisha mng'ao wa kaure au kioo, lakini wa fedha hubaki palepale, jambo linalowaudhi walioinunua kwa ajili ya fedha.

Kofia na sarafu

Kofia nyeupe iliyodariziwa kwa mkono ina shida tofauti kabisa. Haiakisi chumba, lakini nyuzi ni nyeupe juu ya kitambaa cheupe, na mwanga wa mbele hufuta kila mshono. Mwanga upite pembeni, chini kabisa, karibu usugue kitambaa. Kila mshono utatoa kivuli chake. Kofia yenye vitundu ina njia ya pili: angaza kutoka ndani, vitundu viwake. Na ikitoka ya kijivu, ni kwa sababu kamera hukisia kwamba dunia ina wastani wa kijivu. Ongeza kipimo cha mwanga kwenye kamera hatua moja hivi (+1), weupe utarudi. Tofautisha hili na masizi ya fedha: hapa tatizo ni kipimo cha kamera, kule lilikuwa ni kile pete ilichokuwa ikikiona.

Sarafu inaunganisha matatizo yote mawili, kwa kuwa ni chuma na ina mchoro wa kina kidogo mno. Mwanga wa pembeni ulio chini huinua twiga vizuri, lakini uwanja unaomzunguka hubaki mweusi. Wanaopiga picha za sarafu kwa kazi hutumia kipande cha kioo safi kinachopitisha mwanga, si cha kujitazamia. Sarafu hulala, kamera hutazama kutoka juu, na kioo husimama katikati kwa pembe ya digrii 45. Taa huwekwa ubavuni mwa kioo, na kadi huizuia isiigonge sarafu moja kwa moja. Kioo hurudisha sehemu ndogo ya mwanga chini, ukishuka kwenye njia ile ile ambayo lenzi inatazama. Uwanja ulionyooka hung'aa na miteremko ya mchoro hubaki na weusi. Mwanga ni haba, kwa hiyo kamera iwe juu ya stendi na kipima muda cha sekunde mbili. Kusi ikivuma, funga dirisha.

Kilicho nyuma

Umbali wa tatu ndio rahisi kuliko yote na ndio unaosahaulika. Mkeka wenye mistari ya rangi, uliokuwa pambo tu chini ya miguu, ukiupiga kwa karibu kila ukili unakuwa mnene sawa na pete. Ama uwe mtupu, ama uwe mbali. Inua pete sentimita 10 juu ya mkeka, kwa kipande cha nta au udongo wa kuchezea kilichofichwa nyuma yake, na mistari itayeyuka ikabaki rangi. Kanga nakataa kabisa. Jina lake peke yake litasomwa kabla ya pete.

Ile kanuni ya kugawa fremu mafungu matatu ifuate ukipenda. Kwa kitu kimoja kidogo, kingo zina uzito zaidi. Zungusha macho pembe nne za fremu kabla hujabonyeza: kona yenye kipande cheupe au ncha ya kitu kisichohusika huvuta jicho kuliko kigae chako. Kama kitu kina mwelekeo, kwa mfano ncha ya kipini au mdomo wa mrashi, acha nafasi upande unaoelekea.

Kubwa zaidi ni kipimo. Picha ya karibu hufuta ukubwa: pete na sahani nzima ya kaure zinaweza kujaza fremu sawasawa, na mteja huagiza akidhani ananunua kidude cha kufunika kiganja. Kwa hiyo pamoja na picha nzuri, piga nyingine ya pete ikiwa kidoleni. Shilingi ya twiga kando yake inamsaidia mteja wa Mombasa. Wa Muscat hajui ukubwa wake. Kwake weka rula, na umwandikie kipenyo cha ndani kwa milimita.